Santuri Inayoruka

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amehamia. Masanduku mawili, mto wake mwenyewe, na uso ambao hata binti yake wa kumzaa hakuthubutu kuuuliza swali. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kwenye kiti changu. Kiti changu! Kile cha karibu na dirisha, kilichoshika umbo langu. Nikamwamkia kwa heshima zote, kisha nikakaa kwenye stuli ya jikoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Sababu nimeipata jikoni, kwa kunong'onezwa na mke wangu. Baba mkwe aliamua kusafisha stoo. Mkusanya makorokoro alipopita na mkokoteni, baba mkwe akampa feni mbovu, magazeti ya zamani, ndoo zisizo na mishikio, na santuri ya mama mkwe. Si santuri tu. Ile santuri! Albamu ya yule mwimbaji wa enzi za disko ambaye ukoo mzima wa mke wangu humwita Bibie wa Dhahabu, kwa sababu ya suruali yake. Anaimba kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua. Haijawahi kuwa shida. Mama mkwe aliinunua mwenyewe siku za uchumba wao, na wamekuwa wakiicheza sebuleni wawili tu mpaka gramafoni yao ilipoharibika mwaka juzi. Sasa ameingia stoo kuitafuta, amekuta sakafu imefagiliwa.

Amesema harudi. Mke wangu amelia kidogo, akanawa uso, akasema tuwaache wazee wamalize mambo yao wenyewe. Nimekubali kwa mdomo.

Moyoni nimeshapanga. Nitatafuta nakala nyingine ya santuri hiyo. Nitampa baba mkwe kwa siri. Ataileta, atasema ameisaka mtaa kwa mtaa mpaka akaipata. Mama mkwe atalainika. Masanduku mawili yatatoka. Kiti kitarudi mikononi mwa mwenyewe. Na baadaye, taratibu, ukoo utakuja kujua kwamba akili yote ilikuwa yangu, si ya mwanyumba wangu.

Mwanyumba wangu, mume wa shemeji. Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Bwana huyu anatengeneza majokofu, na kila mtu anamwita Injinia. Hata mama mkwe anamwita Injinia! Mimi, miaka yote hii ya ndoa, bado ni "yule wa magodoro." Nauza magodoro, sikatai. Lakini lile jina la Injinia limenikaa kooni muda mrefu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemdanganya bosi kwamba jino linaniuma. Akasema ajabu, maana tangu asubuhi amenisikia natafuna karanga. Nikahamishia mkono shavu la pili. Akaniruhusu.

Nimekwenda mtaa wa vitu vilivyotumika. Mabomba, vitanda vya watoto, viti vya miguu mitatu. Mwishoni kabisa kuna duka jembamba kama ujia, limejaa santuri hadi darini, na ndani yake mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kila mtu anamwita Mama Santuri. Nikaanza kumweleza: mwanamke, nywele kubwa, suruali ya dhahabu. Hakuningoja nimalize. Akaweka mbili mezani. Jalada ni lile lile kwenye zote mbili. Bibie amekalia mwezi wa plastiki, mguu mmoja juu ya mwingine, anatabasamu kama mtu aliyelipwa mapema.

Mama Santuri akaeleza. Hii ya kushoto ni nzima kabisa, haina neno. Hii ya kulia imeletwa juzi juzi na mtu wa mkokoteni, jalada limechakaa, na tena inaruka.

Inaruka! Damu ilinichemka. Muziki wa disko usioruka ni wa kazi gani? Nikasema nataka inayoruka. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kama nina hakika. Nikasema mimi si mtoto. Hiyo nyingine iliyolala ampe mtu mwingine. Akauliza tena, polepole, kama nimeelewa vizuri kwamba inaruka. Nikamwambia ndiyo hasa sababu ya kuitaka, kwa kuwa nina wazee wawili nyumbani ambao ni lazima waruke. Akaifunga kwenye gazeti bila neno la ziada. Nadhani alitambua amekutana na mjuzi.

Dukani nimewatangazia wenzangu wote kwamba nimepata santuri inayoruka. Mwenzangu wa mito na mashuka akauliza inaruka kivipi. Nikamjibu kwamba mambo mengine yanataka uzoefu. Kisha nikakumbuka jino, nikashika shavu.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo. Nina santuri, sina gramafoni. Gramafoni ya wazee ilipoharibika aliichukua Injinia akaitengeneze. Tangu mwaka juzi! Nimekwenda kwenye karakana yake. Majokofu yamesimama mstari, milango wazi, hakuna hata moja lenye baridi. Nikamuuliza kazi imefikia wapi. Akasema ilikwisha zamani, alikuwa bado anaijaribu. Anaijaribu sebuleni kwake, kila Jumapili, na wageni.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyeoa dada mkubwa, ilinibidi niseme "tafadhali, kaka." Nimelisema neno hilo huku nikitazama jokofu. Akauliza naitakia nini. Nikasema kazi imenichosha, nataka burudani. Akaniuliza tangu lini kusimama kando ya godoro kunachosha. Akanipa mashine, akanieleza hili na lile kuhusu kuitunza. Sikusikiliza, nilikuwa natafuta jibu la lile neno la godoro. Nimelipata nikiwa nimeshafika nyumbani, na lilikuwa jibu zuri sana.

Nyumbani nikafungua mashine. Mkono upo, sindano hakuna! Nikamtumia mke wangu ujumbe kazini: "Nahitaji sindano haraka. Mama asijue."

Mke wangu anafanya kazi kwenye duka la dawa.

Amefika anahema, mkoba mkononi. Bomba la sindano, pamba, spiriti, na salamu za pole kutoka kwa wenzake wote. Akauliza nimeng'atwa na nini. Mama mkwe akasikia neno kung'atwa, akatoka mbio. Nimelazwa kwa nguvu, nimepimwa homa kwa kiganja, nimenyweshwa maji ya limau bila sukari. Mama mkwe alikaa pembeni yangu akinipepea na gazeti. Ana huruma yule mama, lazima niseme ukweli. Ila alinipepea akiwa kwenye kiti changu. Sindano ya gramafoni ilikuwa kwenye kisanduku kidogo chini ya mashine. Injinia alikuwa ameniambia.

Mama mkwe alipokwenda kuoga, nikajifungia chumbani, nikaweka santuri, sauti chini. Wimbo wa kwanza safi. Wimbo wa pili, Bibie anapanda, anapanda, ngoma zinamfuata. Halafu, tik! Yuko mbele. Kipande kizima hakipo. Nikarudisha. Anapanda, anapanda, tik! Pale pale.

Ndipo nikaelewa. Inaruka. Sindano inaruka mistari! Nimeuziwa santuri yenye mkwaruzo baada ya kuulizwa mara mbili, halafu nikazunguka mji mzima najigamba kwamba ni mbovu.

Alhamisi, 6 Machi

Jino limezidi. Bosi amesema bora ling'olewe, nisipolishughulikia atalishughulikia yeye.

Nimekwenda kwa Mama Santuri moto juu. Nikasema nimetapeliwa. Akasema aliniambia inaruka. Nikasema katika lugha yetu hii mtu akifurahi anaruka, akicheza anaruka, hata bei nzuri huruka juu, kwa hiyo kosa ni la neno, si langu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "santuri hairuki kwa furaha." Akanibadilishia. Nimetoka na ile nzima, isiyo na neno, kichwa juu. Mtu akisimama imara kwenye haki yake hashindwi.

Nje ya duka nikamwona Injinia. Ameinama anachungulia feni ya zamani kwa umakini usio wa kawaida. Nikampungia mkono. Akaipungia feni. Kuna jambo.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa baba mkwe. Nyumba safi, inang'aa, haina sauti. Alikuwa anakula mayai. Jana pia alikula mayai, na juzi. Redio iko sikioni, sauti chini kabisa. Nikamuuliza mbona anajitesa, hakuna mtu wa kumsumbua. Akasema mke wake hapendi redio ya kelele. Nilimhurumia, nikashindwa hata kukaa vizuri.

Nikamweleza mpango. Jumamosi jioni aje kwetu na koti lake zuri. Nitakuwa nimempa santuri mlangoni. Aingie nayo, aseme ameisaka mpaka akaipata. Akauliza, kwa hiyo amdanganye mkewe? Nikasema si kudanganya, ni kupanga. Akasema yeye alikuwa anafikiria tu kuja leo hii, na ndala zake, kumwomba msamaha. Niliruka kutoka kwenye kiti! Nikamwambia mambo haya yanataka maandalizi. Mwanamke hawezi kuombwa msamaha siku ya Alhamisi, mikono mitupu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyezidiwa maarifa kwamba sawa, atasubiri. Akaanza kunieleza kitu kuhusu santuri yao, kwamba ilikuwa na vituko vyake. Sikuwa na muda, nilikuwa nachagua koti.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amenikuta nimelala kwenye godoro la maonyesho. Nilikuwa namwonyesha mteja jinsi linavyobeba mgongo. Mteja, kumbe, alishaondoka zamani. Nimepewa onyo na kufutwa udenda.

Jioni mama mkwe amenishonea kifungo cha shati bila kuombwa. Tulikaa wawili tu, yeye kitini, mimi kwenye stuli. Nikajitosa, nikamuuliza kama anaikumbuka sana santuri yake. Akakata uzi kwa meno. Akasema watu wote wanazungumza santuri, santuri. Yeye haimlizi santuri. Kinachomuuma ni kwamba mtu aliyeishi naye tangu ujana alishika kitu chake, akakitoa nje, bila hata kumwuliza. "Hata kuniuliza!" Akarudia mara mbili, sauti ikakatika. Nikatazama sakafu. Sikupenda kumwona vile.

Maskini. Anaililia santuri yake. Kesho ataipata.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa bafuni, mahali pekee ambapo hakuna anayenitazama.

Baba mkwe alifika kwa wakati, koti limembana, amenyoa. Nikamkabidhi santuri mlangoni. Ndani nilikuta mambo yameshaharibika: Injinia na shemeji wamekuja bila kualikwa. Injinia anasema amekuja kuikagua gramafoni. Sawa, nikasema. Na ashuhudie.

Baba mkwe akaingia. Akasema maneno niliyomfundisha, yote, kwa pumzi moja, akitazama pazia. Mama mkwe akapokea jalada. Akalishika kwa mikono miwili. Akamtazama mumewe, na uso ule wa Jumatatu ukaanza kulegea. Mke wangu akanibana mkono. Nikamtazama Injinia. Alikuwa ananitazama mimi. Raha iliyoje!

Nikaweka sindano. Wimbo wa kwanza, mama mkwe amefumba macho. Wimbo wa pili, baba mkwe akanyoosha mkono, na mama mkwe akasimama. Wakacheza. Sikuwahi kuwaona wakicheza. Wazee wale wanateleza kwenye zulia kana kwamba magoti hayajawahi kuwauma. Bibie anapanda, anapanda, ngoma zinamfuata. Halafu wote wawili, kwa pamoja, bila kuambiana, wakaruka. Kahatua kadogo ka pembeni, miguu yote miwili.

Wimbo haukuruka. Uliendelea na safari yake. Wao wakatua wamepotea, nje kabisa ya ngoma. Mama mkwe akasimama katikati ya zulia.

"Hii siyo yetu," akasema.

Akaeleza, hakuwa anatuambia sisi hasa. Santuri yao ilikwaruzwa na mguu wa kiti wiki ile walipopata nyumba yao ya kwanza. Tangu hapo ikawa inaruka palepale. Ndipo nao wakajifunza kuruka nayo. Watoto wakazaliwa wakikuta baba na mama wanaruka mahali pale pa wimbo. Mke wangu na shemeji wakaitikia kwa kichwa. Kumbe mke wangu anajua! Kumbe kila mtu anajua!

Ililetwa juzi juzi na mtu wa mkokoteni. Inaruka. Nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nayo, nikaenda kugombana na mtu ili niirudishe.

Mama mkwe akamuuliza mumewe kama alijua kwamba siyo yenyewe. Baba mkwe si mtu wa uongo. Akasema mkwe ndiye aliyempangia. Macho yote yakanigeukia. Mama mkwe akasema taratibu kwamba kwanza alitupiwa kitu chake, sasa analetewa kingine adanganywe nacho. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Baba mkwe akavua lile koti, akaliweka begani, akaondoka bila kuaga. Nilitamani zulia linimeze.

Nilikimbia hadi kwa Mama Santuri kabla hajafunga. Ile inayoruka? Imeshanunuliwa. Alhamisi ileile, mara tu nilipotoka. Na bwana mmoja mwenye bisibisi mfukoni, aliyesema anataka ile aliyoirudisha yule wa magodoro.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi na mapema nimevamia karakana ya Injinia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikamkuta amekaa kwenye kreti, kichwa chini, na mbele yake mezani iko santuri ya wazee. Imejikunja kama bakuli.

Alinieleza bila kunitazama. Siku ile nilipochukua gramafoni alijua nina mpango. Kesho yake akanifuata. Akadhani nimekataa ile santuri kwa kuwa ina kasoro, na yeye akaona nafasi: aitengeneze, aipeleke kwa mama mkwe ikiwa bora kuliko ya kwangu. Maana yeye hawezi kuona kitu kibovu akakiacha kibovu. Akaupasha moto ule mkwaruzo ili auzibe. Santuri haipendi moto. Jana alipoona wazee wanaruka, alielewa kila kitu, na usiku hakulala.

Nilitaka kumcheka. Sikuweza. Tulikaa pale, wanyumba wawili, tukalitazama lile bakuli. Mmoja aliirudisha kwa kuwa ni mbovu, mwingine akaiua kwa kuitengeneza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tumekaa pamoja bila kushindana, labda kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushindania.

Kisha nikapata wazo. Tunayo ile nzima. Tunajua mahali pa kuruka. Tuikwaruze sisi wenyewe! Injinia akainua kichwa. Jicho likamwaka. Akasema tatizo kama hilo linataka usahihi. Akavaa lenzi ya jicho, akachagua sindano nyembamba, mimi nikashika taa na kuhesabu mistari. Alichora mkwaruzo mmoja, mwembamba, wa kupendeza. Tukapeana mikono.

Mchana tukamwomba mama mkwe atoke chumbani. Akatoka kwa ajili ya heshima tu. Shemeji na mke wangu wakasimama nyuma yake, mikono kifuani. Nikatangaza kwamba safari hii inaruka. Injinia akathibitisha kitaalamu. Tukaipiga kuanzia wimbo wa pili. Bibie anapanda, anapanda, ngoma zinamfuata. Tik!

Haikuruka. Ilikwama. Kwa lugha yake ile isiyojulikana, Bibie alishikwa kwenye silabi mbili, na silabi zenyewe, kwa masikio yetu, zilitoka hivi: nuna. Tik. Nuna. Tik. Nuna. Nuna. Nuna.

Mama mkwe akasikiliza. Akamgeukia binti yake mkubwa, akamgeukia mdogo. Akauliza kwa upole wa kutisha kama waume zao wamekwenda kumtafutia mashine ya kumwambia anune. Injinia alijaribu kueleza mambo ya pembe na kina. Mimi nilijaribu kuunyanyua mkono wa gramafoni, nikausukuma, ukarudi palepale. Nuna, nuna, nuna.

Hapo ndipo sauti ikatoka mlangoni. Baba mkwe. Hakuitwa na mtu. Hana koti, amevaa ndala. Akasema ameisikia redio yetu tangu getini.

Hakutazama pazia safari hii. "Nimekuja bila kitu," akasema. "Kilikuwa chako. Nikakitoa sikukuuliza. Nisamehe, mama watoto."

Mama mkwe akamuuliza siku zote hizi alikuwa anangoja nini kusema hivyo. Baba mkwe akakohoa. Akasema Alhamisi alikuwa tayari ameshavaa ndala, ila mkwe akamwambia asubiri, kuna mpango.

Sijui nilitazama wapi. Mama mkwe alinigeukia, na nyuma yangu Bibie anaendelea, nuna, nuna, nuna, na kitu fulani kikatokea mdomoni mwake. Alijizuia. Alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na baba mkwe akaanza, na shemeji, na mke wangu anacheka huku analia. Baba mkwe akanyoosha mkono. Wakacheza. Kwa silabi mbili! Kila ikifika tik, wanaruka. Injinia alifuta macho akasema ni vumbi la karakana. Mimi nililia waziwazi. Nawapenda wale wazee. Naandika hivyo kwa sababu shajara hii haisomwi na mtu.

Wameondoka jioni. Masanduku mawili, mto, gramafoni na santuri. Mama mkwe anasema ataitunza, atakayenuna kwanza atapigiwa. Mlangoni alinishika shavu lile la jino. Baadaye mke wangu aliniambia umeona, mambo yote haya yalikuwa ni neno moja tu, kuuliza. Nimekubali, na si kwa mdomo. Nilikuwa kwenye kiti changu.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari siku mbili. Ukiangalia kwa haki, mpango ulifanikiwa. Wazee wamepatana, na bila santuri yangu wasingekuwa na cha kucheka. Injinia anadai nusu ya sifa kwa sababu ya mkwaruzo. Nimempa robo.

Ila jambo moja limenikaa moyoni. Tangu wazee waondoke na muziki wao, mke wangu amekuwa akipika huku anaimba ule wimbo, na anaruka kidogo pale penye mkwaruzo, peke yake, mwiko mkononi. Amenilea vizuri wiki nzima ya aibu zangu. Anastahili kitu. Anastahili gramafoni ya kwake, tucheze wawili tu, tuzeeke nayo.

Leo nimemaliza biashara na Mama Santuri. Amenipa gramafoni nzuri sana, yenye miguu, na kreti nzima ya santuri za disko. Hakutaka hela, alitaka kubadilishana. Nikampa ile cherehani ya marehemu bibi yake mke wangu. Ipo tu kwenye kona ya chumba, imefunikwa kitambaa, tangu tuoane sijaiona ikishona chochote. Mke wangu huipangusa vumbi kila Ijumaa, basi, kazi ya bure. Sasa atapumzika. Nimeibeba asubuhi akiwa kazini. Mama Santuri aliniuliza mara mbili kama mwenyewe ameridhia. Kumwuliza si kungeharibu kila kitu?

Nimeweka gramafoni palepale kwenye kona, nimeifunika kwa kitambaa kilekile. Nasikia ufunguo mlangoni. Hii atafurahi mpaka aruke.